Miguu ya wazee: kukaa tu kunamaliza nguvu

Huku Bukavu, mtu akisha kuzeeka watoto wanamkataza kazi: "Papa, wewe kaa tu, sisi tutafanya." Bidoni ya maji wanamubebea, chakula wanamuletea palepale kwenye kiti. Ni heshima, nasi wote tunafanya vile. Lakini miguu yake inazidi kulegea.

Misuli, ile nyama inayotusimamisha na kututembeza, huanza kupungua pole pole tangu miaka 30 au 40, na kisha 60 inapungua mbio. Waganga wanaita hali hiyo sarkopenia, jina lililotolewa na Irwin Rosenberg wa Marekani katika miaka ya 1980. Kulala kitandani kunaongeza shida: muzee mwenye afya akilala siku 10 tu, anaweza kupoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Njo maana mtu anaingia lopitali na malaria akitembea mwenyewe, anatoka ameshikwa mkono. Malaria imepona, miguu bado.

Utajuaje? Egemeza kiti kigumu kwenye ukuta. Muzee akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5, wewe upime na telefone. Ikipita segonde 15, ao akishindwa, nguvu imepungua. Usitoke karibu naye, juu akianguka na kuvunjika nyonga, wengi hawatembei tena kama zamani.

Dawa ya kumeza iliyothibitishwa kwa hali hii hakuna. Kinachosaidia ni kuitumikisha misuli: kusimama na kukaa kwenye kiti kilekile kila siku, kupanda ngazi, kutembea hadi kwa jirani. Hata mtu wa miaka 90 akifanya mazoezi, nguvu inarudi kiasi.

Na chakula. Bugali inajaza tumbo, lakini misuli inataka protini: maharagi, soya, mayai, sambaza. Muzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hivi za protini kwa siku. Nyumbani kwetu wengi, asiye na meno anapewa mchuzi, samaki wanakula watoto. Ndagala kavu zitwangwe unga, zitiwe katika uji wake. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza muganga.

Kilo zikishuka bila sababu, mpeleke kituo cha afya, inaweza kuwa sukari ao kifua kikuu. Mguu ao mkono wa upande mmoja ukilegea ghafula, usingoje kesho.