Miami ya 1972 na Chicago ya 1985: Kompyuta yachezesha mechi isiyowezekana

MASHABIKI wa kandanda ya Marekani wanalo swali moja ambalo halitapata jibu uwanjani kamwe: iwapo Miami Dolphins ya mwaka 1972 ingepambanishwa na Chicago Bears ya mwaka 1985, ni ipi ingeibuka mshindi?

Mchezo huo, ambao mpira wake wenye umbo la yai hubebwa na kutupwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu, unaongozwa na ligi ijulikanayo kama NFL, na bingwa wake hupatikana katika fainali moja tu iitwayo Super Bowl. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kila jaribio likiisha, wachezaji husimama na kujipanga upya.

Kwa sababu ya kukatikakatika huko, mchezo huu huhesabika kwa urahisi kuliko soka. Ndiyo maana umekuwa shamba lenye rutuba kwa wataalamu wa uigaji, yaani kuichezesha mechi ndani ya kompyuta kwa kutumia takwimu za timu husika.

Miami ya 1972, chini ya kocha Don Shula, ndiyo timu pekee katika historia ya NFL iliyomaliza msimu mzima, pamoja na mechi za mtoano na fainali, bila kupoteza wala kutoka sare. Ilishinda mechi 14 za msimu wa kawaida na 3 za mtoano, ya mwisho ikiwa ushindi wa 14-7 dhidi ya Washington, Januari 14, 1973.

Chicago ya 1985, chini ya Mike Ditka, ilipoteza mechi 1 kati ya 16. Kisha ikazifunga New York Giants 21-0 na Los Angeles Rams 24-0, kabla ya kuisambaratisha New England Patriots 46-10 katika fainali ya Januari 26, 1986. Wanaoipigia debe husema hakuna safu ya ulinzi iliyopata kuwa kali kama ile iliyofundishwa na Buddy Ryan. Wanaoipigia debe Miami huwajibu kwa neno moja: sifuri, idadi ya mechi ilizopoteza timu yao.

Kinachogombewa hapa ni heshima. Wakosoaji wa Miami wamedai kwa miaka mingi kwamba rekodi yake ilitokana na ratiba nyepesi, na hoja yao ina mashiko: kati ya timu ilizokutana nazo katika msimu wa kawaida, ni mbili tu, Kansas City Chiefs na New York Giants, zilizomaliza zikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Hata hivyo, katika mtoano Miami ilizifunga Cleveland, Pittsburgh na Washington, ambazo kila moja ilikuwa imeshinda mechi 10 au zaidi. Kompyuta ikitamka kwamba Miami ingefungwa, wakosoaji hao hupata ushahidi wa kushika mkononi.

Ndondi ndizo zilizotangulia kuonyesha kwamba jina la mwanamichezo linaweza kuguswa na mashine. Mwaka 1967 mtayarishaji wa vipindi wa Miami, Murray Woroner, aliandaa mashindano ya redio ya mabondia 16 wa uzito wa juu wa zama mbalimbali, na mapambano yao yakaamuliwa na kompyuta aina ya NCR 315. Rocky Marciano alitangazwa bingwa baada ya kumshinda Jack Dempsey katika fainali. Muhammad Ali, aliyekuwa amevuliwa ubingwa mwaka huohuo kwa kukataa kujiunga na jeshi, alitolewa mapema na Jim Jeffries, bondia wa mwanzoni mwa karne ya 20.

Ali alifungua kesi akidai fidia ya dola milioni 1 kwa kuvunjiwa heshima. Shauri hilo lilimalizwa kwa maelewano, na sehemu ya maelewano hayo ilikuwa Ali kupanda ulingoni mwaka 1969 pamoja na Marciano, aliyekuwa amestaafu tangu mwaka 1956, ili wapigwe picha za filamu wakiigiza pambano lililoamuliwa na kompyuta. Zilipigwa picha za miisho kadhaa. Marciano alifariki dunia katika ajali ya ndege Agosti 31, 1969, kabla ya filamu kutoka. Ilipoonyeshwa Januari 20, 1970, watazamaji wa Marekani walimwona Marciano akishinda kwa nokauti katika raundi ya 13. Baadaye Ulaya ilionyeshwa filamu ambamo mshindi alikuwa Ali.

Mashine moja, mabondia walewale, washindi wawili. Ni vigumu kupata kielelezo bora cha uigaji unavyoweza kumfuata mwenye soko.

Katika kandanda ya Marekani, uigaji ulianzia mezani kwa karata na dadu. Mchezo wa Strat-O-Matic, ulioanza na besiboli mwaka 1961, ulitoa toleo la kandanda mwaka 1968, na kila timu ikawa na karata zilizobeba takwimu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, tovuti kama WhatIfSports ziliwawezesha mashabiki kuchagua timu mbili za miaka yoyote na kusoma matokeo papo hapo.

Dadu na kompyuta hufuata kanuni ileile. Programu hutazama mpira uko wapi, ni jaribio la ngapi na zimebaki yadi ngapi. Kisha huchota namba ya bahati nasibu na kuilinganisha na uwezekano uliokadiriwa kutokana na takwimu za timu zote mbili: wabebaji mpira wa Miami walisonga yadi ngapi kwa kawaida, na walinzi wa Chicago waliwaruhusu wapinzani yadi ngapi. Hatua hiyo hurudiwa mara mia moja na zaidi hadi dakika 60 zimalizike.

Njia hiyo ya kurudia bahati nasibu kwa wingi hujulikana kama Monte Carlo. Ilibuniwa mwaka 1946 na mwanahisabati Stanislaw Ulam, aliyeipata wakati akijiuguza huku akicheza karata peke yake. Badala ya kukokotoa uwezekano wa kushinda kwa hesabu ngumu, alijiuliza, kwa nini mchezo usichezwe mara nyingi na ushindi ukahesabiwa?

Thamani ya kila hatua ya uwanja nayo ilipata kipimo mapema. Mwaka 1971, Virgil Carter, mchezaji wa zamani wa Chicago Bears ambaye wakati huo alikuwa Cincinnati Bengals, alichapisha utafiti pamoja na Robert Machol wa Chuo Kikuu cha Northwestern. Walionyesha kwamba timu inayoanza majaribio yake yadi 5 kutoka mstari wa wapinzani ilitarajiwa kuvuna takriban pointi 6, ilhali iliyobanwa yadi 5 kutoka mstari wake yenyewe ilikuwa na thamani hasi, kwa maana kwamba wapinzani ndio walioelekea zaidi kufunga.

Sasa zitazamwe timu zenyewe. Miami ya 1972 ilifunga pointi 385 na kufungwa 171 katika mechi 14. Chicago ya 1985 ilifunga 456 na kufungwa 198 katika mechi 16. Kwa wastani wa kila mechi, Miami ilifunga 27.5 na kufungwa 12.2, Chicago ilifunga 28.5 na kufungwa 12.4. Ni kana kwamba zimetoka kiwanda kimoja.

Namba hizo hazitoshi, kwani kufunga kwenyewe hakukuwa na uzito uleule. Mwaka 1972 timu ya NFL ilifunga kwa wastani pointi 20 na ushei kwa mechi. Mwaka 1985 wastani huo ulikuwa takriban 21 na nusu. Programu makini huipima timu kwanza dhidi ya wenzake wa mwaka wake. Kwa kipimo hicho, zote mbili zilizidi wastani wa ufungaji kwa takriban pointi 7, na katika ulinzi Chicago huitangulia Miami kwa takriban pointi 1 tu. Halafu kuna suala la ratiba, ambalo huzidi kuipunguzia Miami.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye sheria. Mwaka 1978 NFL ilipiga marufuku walinzi kuwagusa wapokeaji mpira baada ya yadi 5 za mwanzo, na ikawaruhusu wachezaji wa safu ya mbele kunyoosha mikono wanapomkinga kwotabeki, yaani yule anayeamua autupe mpira au ampe mwenzake akimbie nao. Tangu hapo mchezo ukawa wa kutupa. Miami ya 1972 ilikimbia na mpira mara 613 na kuutupa mara 259 tu. Wakimbiaji wake, Larry Csonka na Mercury Morris, walikuwa wachezaji wa kwanza wa timu moja kufikisha yadi 1,000 kila mmoja katika msimu mmoja. Kwa kulinganisha, mwaka 2007 Tom Brady wa New England alitupa mara 578 peke yake.

Mechi ichezwe kwa sheria za mwaka gani, basi? Programu isiyosema imekwisha kuamua kimyakimya. Aidha, ni lazima iamue nani asimame kama kwotabeki wa Miami: Bob Griese, aliyevunjika mguu katika mechi ya tano, au Earl Morrall, mkongwe wa miaka 38 aliyeibeba timu karibu msimu wote uliosalia.

Miili nayo ilibadilika. Larry Little, nguzo ya safu ya mbele ya Miami, alikuwa na kilo 120 hivi. William Perry wa Chicago alizidi kilo 135. Kipya kinyemi, na anayehesabu kilo peke yake atazipa ushindi timu za karibuni daima. Lakini mchezaji wa 1972 akipewa mazoezi na lishe ya 1985 si yule tena, na hakuna takwimu zinazoweza kumpima mtu huyo.

Hata namba zikiwa sahihi, matokeo ya mechi moja hayathibitishi kitu. New England ya 2007 ilishinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida, ikifunga pointi 589 na kufungwa 274, tofauti ya pointi 19.7 kwa mechi. Miami ya 1972 ilikuwa na 15.3 na Chicago ya 1985 ilikuwa na 16.1. Mwishoni mwa Desemba 2007 iliifunga New York Giants 38-35. Wiki tano baadaye, katika fainali, Giants haohao waliifunga New England 17-14. Programu inayochezesha pambano mara moja na kutangaza bingwa imerusha dadu tu. Iliyochezesha mara elfu kadhaa na kutoa asilimia ya ushindi ndiyo yenye la kusikilizwa, na kwa timu zinazokaribiana kiasi hiki asilimia hiyo haiwezi kwenda mbali na nusu kwa nusu.

Chicago ya 1985 iliwahi kufika Miami kweli. Usiku wa Jumatatu, Desemba 2, 1985, ikiwa haijapoteza katika mechi 12, iliingia uwanja wa Orange Bowl kucheza na Dolphins ya mwaka huo, ambayo bado ilifundishwa na Shula lakini ikiongozwa na kwotabeki Dan Marino, aliyekuwa mtoto wa miaka 11 wakati wa rekodi ya 1972. Wachezaji kadhaa wa kikosi cha 1972 walisimama kando ya uwanja wakiilinda rekodi yao. Miami ilishinda 38-24. Katika takwimu anazolishwa kompyuta kila anayeiga Chicago ya 1985, mechi hiyo imo kama mechi nyingine yoyote: pointi 38 kati ya 198 ilizofungwa msimu mzima.