Namba Haigawiwi Mara Mbili

Katika miaka niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, kitabu nilichokilinda kuliko hata daftari la fedha kilikuwa rejista ya kuandikisha wanachuo. Kila aliyeingia alipewa namba, na namba ile ilikuwa yake daima. Akihitimu, akihama, akifukuzwa au hata akifariki, haikupewa mtu mwingine; aliyefuata alichukua namba iliyofuata. Makarani wapya waliniuliza kwa nini tusizitumie tena namba za walioondoka, maana zimekaa bure. Niliwajibu kwamba siku mtu atakaporudi baada ya miaka ishirini, cheti chake kimeungua, tutamtafuta kwa namba, na hatutaki kukuta watu wawili nyuma ya namba moja.

Sheria hiyo niliifundisha wengine. Mimi mwenyewe niliivunja nikiwa nimekwisha kustaafu, tena kwa kamera.

Wenye umri wangu wanakumbuka kamera za filamu. Mkanda wa milimita 35 ulikuwa na picha 24 au 36, na namba zake zilichapwa pembezoni tangu kiwandani. Kila mkanda ulianza tena na moja. Nyumbani kwangu, basi, palikuwa na picha namba 12 nyingi, lakini hapakuwa na mkanganyiko, kwani kila mkanda uliposafishwa mjini Arusha ulirudi ndani ya bahasha yake, nami juu ya bahasha niliandika mwezi na mwaka. Ndivyo ilivyo pia kwa watahiniwa. Baraza la Mitihani, lililoundwa mwaka 1973, huanza kuhesabu upya kila mwaka, lakini namba ya mtahiniwa hufuatana na namba ya shule na mwaka wa mtihani. Namba inayojirudia haina hatari, maadamu ina bahasha yake.

Kamera ya kidijitali ilituondolea bahasha. Ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak. Ilihifadhi picha kwenye kaseti, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa. Kamera hizo zilipoenea, kila mtengenezaji alizipa picha majina kwa namna yake. Mwaka 1998 chama cha viwanda vya elektroniki cha Japani kilitoa kanuni moja ya wote: ndani ya kadi pawe na folda kuu iitwayo DCIM, ndani yake folda ndogo zenye namba kuanzia 100 hadi 999, na kila picha iwe na herufi nne zikifuatwa na tarakimu nne, kuanzia 0001 hadi 9999. Ndiyo maana picha za kamera nyingi huitwa DSC au IMG, kisha namba.

Kanuni hiyo haikumlazimisha mtu jinsi ya kuendeleza hesabu. Kwenye kamera nyingi mwenyewe huchagua katika menyu: ama namba ziendelee hata kadi ikibadilishwa, kama rejista yangu, ama zianze upya kila iwekwapo kadi tupu, kama mkanda wa filamu.

Yangu ilikuwa imewekwa ianze upya, nami sikujua.

Mwaka 2014 nilikwenda kumtembelea mwalimu mwenzangu aliyekuwa mgonjwa, katika miteremko ya Mlima Meru. Asubuhi ile wingu lilikuwa limeinuka na kilele kilionekana chote. Tukamtolea kiti chini ya mparachichi, kando ya migomba na kahawa yake, nami nikampiga picha akicheka. Nilipofika nyumbani nilizihamishia picha kwenye kompyuta, nikaandika katika daftari: 0023, mwenzangu chini ya mti. Kisha nikaisafisha kadi.

Wiki mbili baadaye nilipiga picha za ujenzi wa tangi la maji kijijini. Nilipozihamisha, kompyuta iliniuliza kama faili zenye majina yaleyale zibadilishwe. Nikabonyeza ndiyo. Nilidhani inauliza jambo la adabu tu.

Mwenzangu alifariki miezi mitatu baadaye. Mjane wake akaniambia, "Shemeji, tuletee ile picha uliyompiga chini ya mti, ndiyo tutakayoiweka mbele ya jeneza." Nikafungua 0023. Lilikuwa tangi la maji. Kijana wangu alitafuta usiku kucha, kisha akasema taratibu, "Baba, kamera haikukosea. Umeweka picha juu ya picha." Tulimzika mbele ya picha ndogo ya kitambulisho, asiyocheka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Limo hadi leo: 0023 mara mbili, kurasa mbili zinazofuatana, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Onyo nililiandika kwa mkono wangu nisilisome.

Sisi wa Arusha hatuna udhuru wa kudharau jambo hili. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa mjini kwetu, na tarehe 2 Septemba 1998 ikamtia Jean-Paul Akayesu hatiani, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Pale kielelezo kilichopokelewa kilipewa namba yake. Mahakama hiyo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji. Picha ya marehemu isiyojulikana ni namba ngapi haiwezi kumsemea mbele ya hakimu.

Kwa hiyo, msomaji, fungua menyu ya kamera yako leo, uweke namba ziendelee. Hata hivyo zitafika 9999 na kurudi 0001. Basi kila safari ipe folda yake yenye tarehe, nayo ndiyo bahasha. Usisafishe kadi kabla ya kuhifadhi picha mahali pawili. Na kompyuta ikikuuliza kama ibadilishe, ondoa mkono kwanza, usome.

Shemeji yangu hakunilaumu. Kila nikienda hunikaribisha kiti kilekile, chini ya mti uleule.