Soft Ground Wrestling

Soft Ground Wrestling ni kundi la mieleka ya burudani lililoanzishwa mwaka 2023 na Daniel Bumba, maarufu Bumbash, mjini Mukono, Uganda. Ulingo wake hauna mbao wala godoro: ni nguzo za mianzi, kamba, na udongo uliomwagiwa maji hadi ukawa tope. Anayebwagwa huinuka kapakaa matope mpaka kope. Video za kundi hili zimesambaa mno mitandaoni.

Mfano wa kundi hili ni WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, ambayo kila mwaka, tangu 1988, huandaa shindano la Royal Rumble. Humo kwa kawaida wanamieleka 30 huingia kwa zamu. Anayerushwa juu ya kamba ya juu, miguu yote miwili ikagusa chini, ametolewa.