Kumuandikia mtungaji wa hadithi ku intaneti: adabu yake ni gani?

Hadithi ya mafana ni ile ambayo msomaji anatunga mwenyewe, akitumia watu wa kitabu, filme ao katuni ya mtungaji mwingine. Ni sawa vile kijana wa Kasongo angemchukua Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), akamleta Salamabila kutafuta dhahabu iliyopotea.

Hadithi kama hizo ziko nyingi ku intaneti. FanFiction.net ilianza mwaka 1998, Wattpad 2006, na Archive of Our Own ikafunguliwa 2009. Ku Archive of Our Own ni marufuku kabisa kuuza. Mtu anakesha na telefone yake, anaweka sura moja, kisha anangoja. Malipo yake ni neno la msomaji, basi.

Jambo hili si geni kwa waswahili. Msimulizi wa pwani anasema "Paukwa!", na wasikilizaji wanapaswa kumjibu "Pakawa!" ndipo aanze. Mu gazeti Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, washairi walijibizana kwa beti: aliyetaka kupinga alijitaabisha kutunga lake. Ku intaneti taabu hiyo haiko. Kutukana kunachukua nusu dakika.

Ndiyo maana mafana wamejiwekea desturi. Sifa haiombewi ruhusa, masahihisho yanaombewa. Zamani, wengi walitegemea msomaji aseme waziwazi kasoro za hadithi. Siku hizi, zaidi ku Archive of Our Own, mtu anazitaja tu kama mtungaji ameandika kwamba anataka kusahihishwa. Pale kuna kidude cha kufinya chenye alama ya moyo, lakini hakuna alama za kumshusha mtu. Asiyependa anafunga, anaenda zake. Kuna wanaosema kwamba hiyo ni kubembeleza watu, hawatajifunza. Hoja hiyo ina uzito, lakini kazi ya kusahihisha iko na mtu wake: msomaji wa kwanza, wanamuita "beta", ambaye anapewa andiko mbele halijatoka.

Kwa vijana wa Kasongo na Kabambare, pahali panapouma ni lugha. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa anaandika Kiswahili cha nyumbani, "ao" pahali pa "au", "mu" na "ku" kila mstari, kisha msomaji wa mbali anamuambia hajui Kiswahili. Huyo hajasema kitu juu ya hadithi. Kama sentensi haieleweki, aulize: "Hapa ni nani anasema?" Swali hilo linasaidia kuliko "jifunze kwanza". Mtoto wa miaka 15 anaweza kuacha kuandika juu ya maneno mawili hayo tu, na hadithi inabakia katikati.

Halafu kuna wale wa "Endelea! Sehemu ya pili iko wapi?" Mara moja ni sifa. Mara kumi ni mdai amesimama mlangoni, na pengine mwenyewe yuko mu mtihani wa Serikali, ao mega zimeisha. Heri kutaja kitu: pale ulipocheka, ao jibu la yule bibi mzee lililokubakia kichwani.

Kunakili hadithi na kuitupa mu kikundi cha WhatsApp bila jina la mtungaji ni wizi, hata kama aliyetuma aliipenda sana.

Mtungaji naye ana haki zake. Ku Archive of Our Own anaweza kufuta maoni chini ya kazi yake, ao kuyafunga yote, na halazimishwi kumjibu kila mtu.

Kwa wanaohesabu mega: pale mtu anaweza kushusha hadithi nzima mu telefone na kuisoma bila rezo. Akifika pahali penye rezo, hata kiisha miezi mitatu, arudi aache neno. Maoni yanayokuja ku hadithi ya zamani nayo yanafurahisha watungaji.