"Leka Dutigite": Kiha Katika Jina la Wimbo

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, miongoni mwao Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex, walijikusanya kwa jina la Kigoma All Stars, wakatoa wimbo na video yake. Wakauita "Leka Dutigite". Ni Kiha: acha tujidai.

Sisi wa Kalinzi, wakulima wa kahawa huku milimani, tulilipokea jina hilo kwa namna yetu. Tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1914, Kigoma imeitwa mwisho wa reli, na wengi wetu tuliokwenda mjini tulijifunza kuificha lafudhi kabla hata ya kushusha mzigo. Kiswahili kilikuwa na heshima yake Ujiji tangu misafara ya karne ya 19. Kiha kikabaki lugha ya shamba na ya jikoni. Sasa watangazaji wa Dar es Salaam walilazimika kukitamka.

Wapenzi wa lugha waitazame hiyo "du". Ni "tu" ile ile ya "tujidai". Kiha, kama Kirundi jirani yake, hakipendi "t" ya kiambishi ifuatwe na silabi yenye konsonanti sighuna, huigeuza "d". Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, na jina Gikuyu nalo limezaliwa humo, kwa "k" kugeuka "g". Mshairi atakayeandika "tutigite" hatapoteza mizani hata moja, ila atakuwa ameacha kusema Kiha.