Kikoa

Kamusi za zamani hulieleza neno kikoa kuwa ni ushirika wa kula: watu hula pamoja, kila mmoja akiandaa chakula kwa zamu. Leo neno hilohilo hutaja eneo la majina kwenye intaneti, kama .tz au .ke, nami nalipenda chaguo hili kwa dhati. DNS, mfumo wa majina uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, uligawa mzigo. Kabla yake majina ya kompyuta zote za mtandao yalikuwa katika faili moja lililotunzwa California. Sasa kila kikoa hutunza majina yake.

Kwenye Linux zamu inaonekana wazi. Faili la /etc/nsswitch.conf hupanga nani aulizwe kwanza: kwa kawaida /etc/hosts, kisha DNS. Katika /etc/resolv.conf huandikwa anwani za seva za majina, na tatu za mwanzo tu ndizo hutumika. Ya pili haiulizwi mpaka ya kwanza ishindwe kujibu, na subira ya kawaida ni sekunde 5; ndiyo maana seva iliyokufa ikiachwa juu ya orodha, kila tovuti hujikokota. Mstari wa search nao hubeba kikoa kitakachoongezwa nyuma ya jina fupi. Kwenye Ubuntu, lakini, usilihariri faili la /etc/resolv.conf kwa mkono: huduma ya systemd-resolved huliandika upya. Weka mabadiliko yako katika /etc/systemd/resolved.conf, kisha uiwashe upya huduma hiyo.