Max Nordau, Tabibu Aliyeitwa wa Afrika Mashariki

Mwaka 1902, Waingereza walipojenga ngome yao Nyeri, waziri wao wa makoloni, Joseph Chamberlain, alisafiri kwa reli mpya ya Uganda. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya Wayahudi mjini Kishinev, serikali yake iliwapa Wayahudi nafasi ya kuhamia Afrika Mashariki. Macho yakaelekea Uasin Gishu, ng'ambo ya Aberdare na Bonde la Ufa.

Aliyeutetea mpango huo kwenye kongamano la Wazayuni mjini Basel, Agosti 1903, ni Max Nordau: tabibu mzaliwa wa Pest, mchambuzi mkali wa utamaduni wa Ulaya. Kwake nchi hiyo ilikuwa kimbilio la usiku tu, la muda. Desemba, jijini Paris, kijana Myahudi alimfyatulia risasi, akimlaani kuwa mtu wa Afrika Mashariki. Alinusurika.

Mpango ulikataliwa 1905. Wanandi, wachungaji wa nyanda zile, hawakuulizwa.